Umeambiwa Huna Malaria, Halafu?

Kati ya mashine zote zilizotufikia huku mwisho wa reli, ninayoiheshimu kuliko zote haina betri, haina kioo cha kugusa, wala haili bando. Ni kile kipande cha plastiki cha kupimia malaria. Unatobolewa kidole, tone la damu linawekwa kwenye kitundu, yanafuata matone ya dawa yake, mnasubiri kama robo saa. Mstari mmoja, huna. Miwili, unayo. Hakina maneno zaidi ya hayo.

Mimi si tabibu. Nina kibanda cha uwakala wa pesa na fotokopi huku Gungu, Kigoma, kinatazamana na duka la dawa muhimu, na zahanati iko ng'ambo ya barabara. Mtu akikaa mahali kama hapo kutwa, apende asipende atakuwa mtafiti. Namwona anayetoka zahanati na cheti mkononi, nauona uso wake, naona na miguu inakoelekea. Nilichokigundua ni hiki: aliyekutwa na malaria hutoka ametulia. Anayetoka amenuna ni yule aliyeambiwa hana.

Huyo aliyenuna anavuka barabara hadi kwenye dirisha la duka.

"Dokta, naomba mseto."

"Shikamoo baba. Umepima lakini?"

"Marahaba. Nimepima, wanasema hamna kitu. Mimi mwili wangu naujua, mama."

Mseto, dawa ya malaria, unatoka. Dada wa watu afanyeje? Akikataa, duka la pili liko mita hamsini mbele, na lenyewe halina maswali.

Kwa muda nilidhani huu ni ubishi wetu tu. Baadaye nikaanza kusoma soma, maana kazi ya uwakala ina saa nyingi za kukaa bure, nikaona tatizo lina historia, tena historia yenyewe inatutetea. Huyo mzee alifundishwa hivyo, na waliomfundisha ni wataalamu. Kwa miaka mingi mwongozo wa tiba katika maeneo yenye malaria nyingi ulisema mtoto mwenye homa atibiwe malaria, bila kusubiri kipimo. Ulikuwa mwongozo wa busara kwa wakati wake: darubini zilikuwa chache, mtaalamu wa maabara yuko mbali, na malaria ikimkamata mtoto mdogo haisubiri kesho. Ndipo mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likageuza maneno: kila anayedhaniwa ana malaria apimwe kwanza, ndipo apewe dawa. Kwenye mabango tukasoma kwamba siyo kila homa ni malaria. Sawa. Lakini mtu aliyelelewa na sentensi moja utotoni kwake na utotoni kwa wanawe humbadilishi kwa bango.

Halafu tusijifanye kwamba malaria huku ni hadithi. Utafiti wa taifa wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017 uliiweka Kigoma juu ya mikoa yote: karibu mtoto mmoja kati ya wanne wenye umri chini ya miaka mitano alikutwa na vimelea, wakati wastani wa nchi ulikuwa watoto saba katika mia. Utafiti wa 2022 ukatutoa kwenye nafasi hiyo ukaipa Tabora, kwa asilimia 23. Mtu wa Kigoma anayeshuku malaria kila akisikia baridi hajawehuka. Anakisia kwa hesabu ya mahali anapoishi.

Shida ni pale kisio linapokataa kuondoka hata baada ya kuambiwa siyo. Kuna utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2004 ambao huwa nausimulia hata kwa wasiouliza. Watafiti walikwenda kwenye hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania wakafuatilia wagonjwa 4,474 waliolazwa na kutibiwa malaria kali. Damu zao zikapimwa upya kwa umakini. Waliokuwa na vimelea kweli hawakufika nusu, walikuwa 46 katika kila mia. Kinachoninyima raha zaidi ni hesabu ya vifo. Katika wale wenye malaria ya kweli walifariki karibu 7 katika mia. Katika wale wasio nayo, 12. Walilala wodini wakitibiwa ugonjwa wasiokuwa nao, na ule waliokuwa nao ukaendelea na kazi yake. Kwa hiyo "siyo malaria" ni habari nzito. Maana yake mtafute haraka kilichopo.

Na ni nini hicho kilichopo? Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa watoto zaidi ya elfu moja waliofika kliniki za Dar es Salaam na Ifakara wakiwa na homa. Walipimwa kila kitu kinachopimika. Malaria ilikuwa kwa takriban mtoto mmoja kati ya kumi. Virusi vya aina mbalimbali, hasa vya mafua na kifua, vilikutwa kwa watoto saba kati ya kumi. Taifodi, hii taifodi yetu tunayotajiwa kila kona, haikufika wanne katika mia. Maambukizi ya njia ya mkojo, yaani UTI, yalikuwa karibu sita katika mia. Kigoma siyo Dar, hesabu zetu za malaria zingekuwa juu zaidi. Ila virusi havina kwao.

Hapo kwenye taifodi na UTI naomba nikae kidogo, maana hii ni karaha yangu binafsi. Tanzania nzima inatania kwamba ukienda hospitali kwa jino utarudi na UTI. Ukiuliza kwa nini, wapo watakaokwambia ni biashara, na sikatai kwamba biashara ipo. Lakini sababu nyingine imo ndani ya kipimo chenyewe. Kipimo cha Widal, ambacho ndicho wengi wanapimwa taifodi, kilianza Ufaransa mwaka 1896. Hakitafuti bakteria wa taifodi. Kinatafuta kingamwili, yaani alama ambazo mwili unaziacha baada ya kupambana, na alama hizo zinaweza kubaki muda mrefu baada ya ugonjwa kwisha, au zikatokana na wadudu wengine wenye udugu na huyo wa taifodi. Kujua kwa uhakika inabidi damu ioteshwe maabara kwa siku kadhaa. Zahanati ya mtaani ina uwezo huo? Haina. Basi Widal inasema "ndiyo", na "ndiyo" yake inapokewa kwa furaha kabisa.

Hapo ndipo nilipong'amua jambo. Sijapata kumwona mtu akibishana na kipimo kilichomwambia anao ugonjwa. Mwaka 2020, mwezi Mei, Rais Magufuli alitangaza kwamba sampuli za papai na mbuzi zilizopelekwa maabara kimya kimya zilirudi na majibu ya korona. Kituo cha Afrika cha Kudhibiti Magonjwa kikasema vipimo vile havikuwa na kasoro, lakini nani alisikia? Papai lilishaingia vijiweni, na hadi leo mtu akiyakataa majibu ya maabara, mwenzake atatania, "Labda wamepima papai." Lakini ukiangalia vizuri, papai lilitufundisha kushuku kipimo kinachosema "upo". Sisi huku dirishani tunashuku kinyume chake. Widal ikisema upo, hakuna anayelitaja papai. Kile kiplastiki kikisema huna, maabara nzima ni wababaishaji.

Nadhani hata mlipaji ana hoja. Umefunga genge, umepanda bodaboda kutoka Bangwe, umekaa kwenye benchi tangu saa mbili, umelipia kumwona tabibu, umelipia kipimo. Unarudi na neno "huna". Ni sawa na kuamkia Kibirizi kununua dagaa ukarudi na sinia tupu. Zamani za darubini angalau tulirudi na namba: "Nina malaria tatu," "Mtoto kakutwa na tano." Nyumbani wakakuhurumia kwa kadiri ya namba yako. Na tabibu naye ni binadamu. Anamtazama mama mwenye mtoto mgongoni, anajua alikotoka, na kumwambia "nenda nyumbani, mpe maji mengi, panadoli, kesho kutwa mrudishe homa isipokwisha" kunamwonekania kama kumdhulumu. Basi anaandika amoksilini, antibayotiki. Mama anashukuru. Wote wameridhika isipokuwa ugonjwa.

Hili nalo limeshapimwa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2017, uliokusanya tafiti za nchi kadhaa, Tanzania ikiwemo, ulionesha kwamba mahali vilipoingia vipimo vya haraka vya malaria, dawa za malaria zilipungua kuandikwa, lakini kwa jumla antibayotiki zikapanda. Tulifunga dirisha moja, tukafungua mlango. Na huko mlangoni hali ni mbaya kuliko tunavyotaka kujua: makadirio ya dunia kwa mwaka 2019 ni kwamba watu milioni 1.27 walikufa moja kwa moja kwa maambukizi ya bakteria waliokwisha kuzizoea dawa.

Mseto nao una hadithi yake, na kwa mtu wa Kigoma ni hadithi ya barabarani kabisa. Wenye umri wangu wanaikumbuka klorokwini, ule uchungu na ule muwasho wa mwili mzima. Iliacha kufanya kazi, nchi ikaiweka kando mwaka 2001. Ikaja SP, tuliyoijua kwa majina kama fansida, ikachoka mapema zaidi. Mwishoni mwa 2006 ndiyo ukaingia mseto tunaoutumia sasa, wenye artemisinini ndani yake, dawa iliyopatikana kwenye mmea wa jamii ya pakanga na kumpa mwanasayansi wa China, Tu Youyou, Tuzo ya Nobel mwaka 2015. (Kama hukuambiwa dirishani: vidonge hivyo vinanywewa mara sita kwa jumla, ndani ya siku tatu, na vinafyonzwa vizuri zaidi vikinywewa na chakula chenye mafuta. Mkoa wenye mawese kama huu hauna kisingizio.) Sasa, mwaka 2020 watafiti waliripoti Rwanda vimelea vyenye badiliko la kijenetiki linalovifanya vichelewe kufa kwa artemisinini. Baadaye vikaripotiwa Kagera. Atakayepanda basi la Mwanza pale stendi atapita Kasulu, Kibondo, Kakonko, na akifika Nyakanazi yuko Kagera. Anashuka anakula chipsi, anaumwa na mbu, anageuza. Mseto bado unatibu, na mgonjwa mwenye malaria aunywe bila wasiwasi. Ninachouliza ni kwa nini tuutumie kwa mtu mwenye mafua, tukivipa vimelea vyovyote vilivyojificha mazoezi ya bure.

Nisikitukuze kiplastiki kupita kiasi, maana nina rafiki wa maabara atakayenisuta. Kinachofanyika mle ndani ni kunasa protini inayotolewa na Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria nyingi za huku. Vimelea vikiwa vichache sana, chini ya mia moja au mia mbili katika mikrolita moja ya damu, mstari unaweza usitokee. Protini yenyewe nayo hukawia mwilini, kwa hiyo unaweza kupona kabisa na mistari miwili ikaendelea kujitokeza kwa wiki kadhaa. Peru na Eritrea wamekuta hata vimelea vilivyoacha kuitengeneza protini hiyo, jambo linalowaumiza kichwa watengenezaji. Na huku kwetu, ambako wapo wanaotembea na vimelea bila kuumwa, hata "unayo" haina uhakika kwamba ndiyo iliyoleta homa ya leo. Yote hayo ni kweli. Lakini mtoto aliyelegea kwa malaria huwa na vimelea vingi kuliko hivyo, na kwa huyo kiplastiki hakikosei mara nyingi. Homa ikiendelea, anapimwa tena. Akigoma kunyonya, akitapika kila kitu au akishikwa degedege, hapo hakuna cha kusubiri kesho kutwa, ni hospitali.

Sasa imekuja mashine nyingine, nayo ni kinyume cha kiplastiki kwa kila hali. Vijana wa bodaboda wanaoegesha mbele ya kibanda changu siku hizi hawaniletei tena vyeti niwasomee. Wanavipiga picha, wanaiuliza akili mnemba kwenye simu. Mmoja wao alitoka zahanati na majibu kwamba hana malaria, akaandika dalili zake kwa Kiswahili chetu hiki cha mtaani, kichwa, viungo, baridi usiku. Simu ikajibu kwa adabu nyingi, kwa nukta nukta: inawezekana ni malaria, inawezekana ni taifodi, dengi, UTI, upungufu wa damu, uchovu. Chini kabisa ikamshauri amwone daktari, ambaye alikuwa ametoka kumwona dakika kumi zilizopita. Kijana akapita kwenye ile orodha kama anachagua soda, akachukua taifodi, akavuka barabara kwenda kununua siprofloksasini.

Mimi siichukii mashine hiyo. Barua za maombi ya kazi ninazochapa hapa zimekuwa nzuri mno tangu ije, nusu ya waombaji wa manispaa hii sasa wana "shauku kubwa ya kuleta mabadiliko". Lakini programu hizo zinaunda sentensi kwa kukadiria neno lipi lifuate lipi, kutokana na maandishi mengi mno zilizofundishiwa. Haijamgusa kijana kipaji cha uso. Haikumsikia akikohoa, mimi nilimsikia. Kukaa kimya haiwezi, kila ukiuliza itakupa kitu, na binadamu aliyenyimwa kitu zahanati hatachagua kurudi mikono mitupu mara ya pili. Kiplastiki kinajua jambo moja na kinalisema. Simu imesoma kila jambo na inayasema yote, nasi tumeamua kwamba wingi wa maneno ndiyo utaalamu.

Ila ipo teknolojia ya tatu, ambayo haina wapiga debe kabisa, na ndiyo hasa iliyonifanya niandike. Dar es Salaam walijaribu kumpa tabibu kishikwambi chenye programu inayomwongoza swali kwa swali anapomwona mtoto mwenye homa: anapumua mara ngapi kwa dakika, ana siku ngapi na homa, pima oksijeni kwa kifaa cha kubana kidoleni, toboa kidole pima hiki, usipime kile. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Kwa utaratibu wa kawaida, karibu watoto 95 katika mia walikuwa wakiandikiwa antibayotiki. Kwa waliotumia programu hiyo walikuwa kama 11. Baadaye toleo jingine likapelekwa kwenye vituo vya Mbeya na Morogoro, mashauri zaidi ya elfu arobaini. Vituo vilivyoendelea na mazoea viliandika antibayotiki kwa 70 katika mia, vya kishikwambi kwa 23. Na walipowafuatilia watoto baada ya siku saba, wa vishikwambi hawakuwa na hali mbaya kuliko wenzao.

Kilichonivutia siyo kishikwambi. Ni kwamba kinampa tabibu kitu cha kushika wakati wa kusema "hapana". Hasemi tena kwa midomo yake peke yake mbele ya mama aliyechoka. Wamekaa wote wawili wanatazama hesabu za pumzi, na mama ameona mtoto wake akishughulikiwa. Nina hakika, kwa kukaa kwangu hapa, kwamba nusu ya wanaovuka barabara wangeridhika kama wangeguswa tu, wakaelezwa, wakaandikiwa kwenye cheti siku ya kurudi. Vyeti ninavyotoa fotokopi vingi vimeandikwa "MRDT neg", yaani kiplastiki kimesema huna, na majina matatu ya dawa. Siku ya kurudi siioni. Kuiandika hakuhitaji hata kishikwambi, kalamu ipo.

Nilimweleza dada wa duka mambo haya yote jioni moja, wateja wamepungua. Alinisikiliza hadi mwisho, halafu akauliza swali ambalo watafiti wangu hawakulijibu.

"Sasa kaka, wote wakiambiwa hawana na wakakubali, mimi nitauza nini? Kodi ya fremu nalipa na 'huna'?"

Nikamwambia auze ORS na zinki, auze vyandarua. Akanitazama tu. Nikamwambia basi alete vipimajoto, kwa sababu kila anayekuja dirishani anasema ana homa na hakuna hata mmoja mwenye namba yake. Akasema alishawahi kuleta. Vilikaa rafuni msimu mzima wa mvua, akauza kimoja, kwa mwalimu. Vilivyobaki alivirudisha kwa muuzaji wa jumla, akachukua amoksilini.